Bembea na Saa ya Mama Lata

Mamboleo, Kisumu
Jumapili, tumetoka kanisani

Dada yangu mpendwa Debra,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Mbita, wewe na shemeji Odongo na kila mtu anayeniulizia pale sokoni. Nawasalimu hata kuku, ukimtoa yule jogoo aliyenifukuza Krismasi mbele ya wageni. Mguu wako unaendeleaje? Natumaini uvimbe umeshuka na umeacha kusimama kutwa kwenye matope ya ufuoni ukingoja wavuvi wa omena. Natumaini pia ile saa yako ya ukutani bado umeiweka mbele dakika kumi, usiachwe na feri. Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha karibu kila jioni na Mamboleo yote ni tope, lakini hatulali njaa. Griffins wangu bado yuko Lodwar kwenye kazi ya barabara. Anasema akipata atatuma. Bado hajapata. Ajwang ndiye mzima kuliko sisi wote. Sasa anasimama akishika ukuta. Akishasimama anatuangalia kama diwani anayengoja kupigiwa makofi, halafu miguu inamkataa, anaketi pu, anakasirika kama sisi ndio tumemwangusha. Nikimtazama hivyo namwona mama kabisa. Si bure tulimpa jina lake.

Utashangaa kwa nini naandika barua na simu tunazo. Kwa simu mimi nikianza jambo zito unanikata katikati, unasema fupisha Seline, salio linaisha, na mimi nikisikia sauti yako tu nasahau nilichotaka kusema. Nimeona afadhali niandike polepole Ajwang akiwa amelala, nimpe Obiero wa mitumba anayekuja soko la huko. Najua unachotaka kusoma. Tulikubaliana Pasaka ikipita nimlete mtoto akae kwako. Pasaka imepita. Tafadhali usiruke ukaangalie mwisho wa barua, nakujua. Nisome moja kwa moja, kwa sababu jibu langu limepitia kwenye saa, na bila saa hutanielewa.

Unajua nafanya kazi kwa Mama Lata, yule mjane Mhindi mwenye duka la kutengeneza saa mjini. Nilikuambia nafagia, nafua na kupika chai, na ni kweli. Ila sikuwahi kukueleza duka lenyewe. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa fundi, na yeye alijifunza kwa kukaa kando yake akimshikia taa, mpaka mzee alipoona macho yake yamechoka na ya Mama Lata bado, wakabadilishana viti. Amezaliwa hapa hapa Kisumu. Kiswahili chake ni kama chetu, na Kidholuo chake akigombana na wauza samaki kinanishinda hata mimi. Mtu anaweza kusema siku hizi saa iko kwenye simu, nani atapeleka saa kwa fundi? Lakini wanaleta. Saa za babu zao, saa za shule, saa za makanisa, na mzee mmoja anayeleta saa nzima isiyo na ubaya wowote, ili apate mtu wa kuongea naye.

Sasa katika chumba cha nyuma, kwenye ukuta mnene, kuna saa moja ambayo haiuzwi. Ni ndefu kama mimi, iko ndani ya sanduku la mbao lenye mlango wa kioo. Hiyo ndiyo inayofundisha nyingine zote. Saa ikishatengenezwa inawekwa mezani mbele yake wiki nzima na kulinganishwa nayo, ikiharakisha inarudishwa, ikichelewa inasukumwa, mpaka zikubaliane. Nilimuuliza Mama Lata, na yenyewe hii, nani anaifundisha? Akacheka, akasema ndilo swali alilomuuliza mume wake wiki ya arusi, na jibu lake lilichukua ndoa yote.

Nitakueleza kama alivyonieleza mimi, kwa sababu nimelipenda jambo hili. Ndani ya sanduku kuna fimbo ndefu ya chuma inayoning'inia na kubembea kushoto na kulia. Wanaiita pendula. Kitu chochote kinachoning'inia, Debra, kina mwendo wake, na mwendo huo unatoka kwenye urefu wake. Kamba fupi inabembea haraka, kamba ndefu inabembea polepole. Hata ukiisukuma kwa nguvu, itakwenda mbali zaidi, lakini muda wa kwenda na kurudi unabaki karibu ule ule. Hiyo pendula imepimwa ili kila ikivuka kwenda upande mmoja, sekunde moja imekwisha. Magurudumu yote yale, na lile jiwe zito linaloyavuta, kazi yao ni kuisukuma kidogo isichoke, na kuhesabu imevuka mara ngapi. Basi.

Kwa hiyo adui wa saa ni chochote kinachobadilisha urefu wa fimbo. Joto la Kisumu unalijua. Chuma kikipata joto kinarefuka, kiasi ambacho jicho halioni, lakini saa inaona na inachelewa. Ndiyo maana chini ya fimbo wameweka chupa ya zebaki, ile inayong'aa kama fedha na kutembea kama maji. Joto likija, fimbo inarefuka kwenda chini na zebaki inavimba kwenda juu. Kimoja kinashusha uzito, kingine kinaupandisha, na saa haijui kama ni mchana wa Februari au ni asubuhi ya mvua. Nilipoelewa hapo nilikaa chini. Nikauliza ni nani alifikiria jambo kama hili. Mama Lata akasema ni mtu aliyechoka kugombezwa kwa kuchelewa.

Na si hilo tu. Mlango wa kioo unafungwa ili upepo usiiguse. Katikati ya fimbo kuna kisahani. Mama Lata akitaka saa iharakishe kidogo sana kwa siku, anaweka pale kipande cha shaba, chepesi kama punje ya mtama, kwa kibano, bila kuisimamisha, akiwa amezuia pumzi. Akitaka ichelewe anakitoa. Kila asubuhi saa tatu anailinganisha na milio ya redio, siku hizi na simu pia. Wiki nzima inapita bila saa ile kukosea hata sekunde moja. Akishaona iko sawa anaisalimia kwa Kigujarati, na hapo ndipo anapokunywa chai. Mimi mwanzoni nilifikiri anamsalimia marehemu. Labda ni wote wawili.

Yule jirani aliyekuwa akinishikia Ajwang alipohamia kwao, ndipo nilipokupigia simu. Ulisema nikuletee mtoto hata kabla sijamaliza kulia. Nikakubali, tungoje tu Pasaka, awe ameacha kunyonya. Nikamweleza Mama Lata hivyo hivyo, nikamwomba zile wiki za katikati nije naye kazini mgongoni. Alipanda stoo, nikasikia vitu vinaanguka, akashuka na kitambaa chekundu kilichopauka, na kamba, na vumbi kichwani. Kwao wanakiita jholi, mimi naita bembea. Kinaning'inizwa juu, mtoto analala ndani, wewe unavuta kamba moja huku unafanya kazi nyingine. Humo ndimo alimomlaza mtoto wake Aditya, ambaye sasa ana mvi na anaishi Nairobi. Akaifunga kwa mikono yake mwenyewe kwenye boriti ya chumba cha nyuma, penye baridi kidogo, ubavuni mwa saa. Akasema mtoto akizoea mlio ule hatasumbua mtu. Kweli hakusumbua. Saa inasema tik, tik, mimi nimefunga kamba kwenye kidole cha mguu huku nakunja nguo, na mtoto ameenda.

Ndipo saa ilipoanza kukosea.

Kwanza kidogo. Asubuhi Mama Lata aliguna, akaongeza punje. Kesho yake ikawa imechelewa zaidi. Akaongeza tena, kesho yake ikawa mbele. Akatoa. Ikarudi nyuma. Haikuwa na mpango, na hicho ndicho kilichomuumiza, kwa maana saa inayochelewa kila siku kiasi kile kile ni saa nzuri tu inayongoja kurekebishwa, lakini hii ilikuwa kama mlevi. Akafungua mlango, akapangusa, akakaza, akatia mafuta. Chai ikawa inapoa mezani bila kuguswa. Halafu mzee mmoja wa kanisa, wa upande wa Maseno, akarudi na saa yao ya ukutani ambayo ilikuwa imefundishwa na ile yetu wiki hizo hizo. Alisema kwa heshima zote kwamba inachelewa, na kwa kuwa pasta haangalii kitu kingine akihubiri, siku hizi waumini wanatoka kanisani wakiyumba kwa njaa. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Mama Lata hakucheka. Tangu afungue duka na mume wake, hakuna saa iliyowahi kurudishwa.

Siku ile aliniita nikae. Akaniambia amegundua ugonjwa. Alisema ametazama vizuri, na akiisahihisha Jumamosi jioni, Jumatatu asubuhi saa iko sawa kabisa. Ni kuanzia Jumanne inapotea. Na Jumapili ndiyo siku pekee asiyoigusa, kwa sababu duka limefungwa. Kwa hiyo saa haina neno. Kinachoiharibu ni mkono wake. Aliunyoosha mkono mbele yangu, akauangalia kama kitu cha mtu mwingine. Akasema umezeeka, na yeye hakuona, na kichwa huenda kinaufuata. Nilimwambia si hivyo, lakini ningesema nini, mimi niliyeishia darasa la saba? Alimpigia Aditya. Miaka mingi Aditya amekuwa akimbembeleza aende akae naye Nairobi, na yeye amekuwa akimwambia saa itabaki na nani. Sasa akamwambia aje mwisho wa mwezi, afunge duka, na hiyo saa waisimamishe wenyewe, isimame ikiwa bado na heshima.

Kwa upole akaniambia ataniulizia kazi kwa jamaa zake. Nilijua ni maneno ya kuagana. Nikajiambia basi, njia imejionyesha. Ajwang aende kwa Debra, mimi nitafute kazi ya kulala kwa watu. Nilianza hata kutenga nguo zake, zile zinazomtosha bado na zile zilizomkataa. Zote zilijaa mfuko mmoja tu, dada. Nilishangaa mtu mzima namna ile anatosha kwenye mfuko mmoja.

Sasa sikia, na usinicheke kama Kageha alivyonicheka. Kageha ni fundi wa nguo, Mmaragoli, anashona kwenye baraza ya duka. Ilikuwa mchana, Mama Lata amekwenda hekaluni, mvua inanyesha na nimefunga madirisha yote. Nilikuwa nimemtoa Ajwang kwenye bembea, nimempakata, namlisha uji. Nikainua macho. Bembea ilikuwa tupu, na ilikuwa inatembea.

Si sana. Kama kitu kinachopumua. Nikasema ni mimi nimeigusa nikimtoa mtoto. Nikainuka, nikaishika mpaka ikatulia kabisa, nikarudi kukaa. Kijiko cha pili, cha tatu, ikaanza tena. Hakuna upepo, hakuna mtu. Debra, unakumbuka tulivyokuwa tukipiga mabati na sufuria, nyawawa, wale pepo wa usiku, wakipita kutoka ziwani, na mama akituambia tusiache mpaka wapite? Miguu yangu ilikumbuka kabla ya kichwa. Nilimbeba Ajwang ubavuni, nikachukua sufuria ya chai na mwiko, nikapiga. Nilipiga kwa roho yote. Ajwang akafikiri ni sherehe, akapiga makofi. Kageha akaingia mbio na mkasi mkononi akijua ni wezi, na nyuma yake mteja aliyekuwa akipimwa, suruali imejaa pini. Nilipowaambia ni nyawawa, Kageha alishika kiuno. Akauliza hawa nyawawa wa Wajaluo siku hizi wanaamka na jua? Akauliza tena kama wamekuja kutengeneza saa. Yule mteja alicheka mpaka pini zikamchoma. Halafu Kageha akageuka akaiona bembea. Kicheko kikamkauka. Akasema cherehani yake inamngoja, akatoka.

Nikabaki peke yangu na mtoto na hicho kitu. Na kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikatazama. Ndipo nilipoona kwamba bembea ilikuwa inakwenda na saa. Pendula ikienda kushoto, nayo inakwenda kushoto, nyuma kidogo tu, kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Havijagusana popote. Ila boriti imeingia kwenye ule ule ukuta uliobeba saa, juu yake hasa. Nikakumbuka maneno ya Mama Lata, kwamba kila kinachoning'inia kina mwendo wake kwa urefu wake. Nikaangalia urefu wa kamba na kitambaa, nikaangalia urefu wa fimbo. Karibu urefu mmoja.

Kama saa inaweza kuitembeza bembea tupu kupitia ukutani, bembea yenye Ajwang ndani, na mimi naivuta kutwa, inaifanya nini saa? Na Jumapili je? Jumapili mimi na Ajwang tuko kanisani.

Kilichokuwa kinaharibu saa kilikuwa ni mtoto wangu.

Nitakuambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ningeihamisha bembea kimya kimya, saa ingejiponea, na hakuna ambaye angejua. Nikisema, mtu gani atamwacha mtoto karibu na saa kama ile tena? Atalala wapi? Nilifikiria hivyo mpaka uji ukaisha kikombeni. Lakini bila kujua sababu, Mama Lata angekwenda Nairobi akiamini mkono wake umekufa. Angekaa kwa mwanawe miaka yote iliyobaki akiwa amepakata mikono mizima, haigusi kitu. Nikaona siwezi kumnunulia Ajwang usingizi kwa bei hiyo.

Aliporudi alikuwa na kitamutamu cha hekaluni kwenye ncha ya kitambaa chake cha sari, kama kawaida, amemletea Ajwang. Nikamwambia yote hata kabla hajavua viatu. Sikuwa na maneno ya kitaalamu. Nilisema tu nilichoona, nikaishika bembea ikatulia, nikamwomba angoje. Alivuta kiti. Tulingoja. Ikaanza kupumua. Akaniambia nimweke mtoto ndani nivute kamba kama ninavyovuta siku zote, yeye akasogeza pua kwenye kioo. Pale chini ya pendula kuna kipimo kidogo kinachoonyesha inafika wapi. Nami niliona. Mara inapita alama yake, mara haifiki, inapita tena, kama mtu anayesukumwa na kuvutwa na mtoto mkorofi. Nikasema sasa ndiyo nafukuzwa.

Mama Lata akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka mabegani, akapiga ukuta kofi, akaugombeza kwa Kigujarati, halafu kicheko kikageuka akalia, halafu akacheka tena. Alisema mume wake alimwambia wakiwa bado bibi na bwana arusi kwamba saa mbili za pendula hazitundikwi ukuta mmoja, kwa maana zitahisiana kupitia ukutani, kila moja itasukuma mwenzake, na hakuna itakayobaki na mwendo wake. Hajawahi kuvunja sheria hiyo. Enzi za Aditya mchanga saa ilikuwa chumba cha mbele, bembea na saa havikuwahi kukutana. Sasa ametundika kwa mikono yake mwenyewe saa ya pili kwenye ukuta huo, akasema, tena yenye mashavu. Halafu akaunyoosha mkono wake tena mbele yangu. Akaniuliza kama unatetemeka. Haukuwa unatetemeka. Akaniuliza tena. Nikamwambia, Mama, mkono ni mzima. Akaurudisha mapajani, akaushika kwa ule mwingine.

Nilidhani atasema bembea itoke. Badala yake alimwita Kageha na tepu yake ya kupimia nguo. Kageha alikuja akichungulia kwanza. Wakapima fimbo, wakapima bembea, karibu ni sawa kama pacha. Mama Lata akapiga mafundo kwenye kamba, akaipandisha bembea mpaka ikawa fupi karibu nusu. Akanieleza kwamba sasa mwendo wa mtoto ni wa haraka, mwendo wa saa ni wa polepole, na hata wakisukumana hawataelewana, kila mmoja atampuuza mwenzake. Wakiwa sawa ndipo wanapoibiana. Kageha akauliza, sasa nyawawa wamekwenda wapi? Mama Lata akamwambia wamefungwa kwenye fundo.

Wiki ile tuliiangalia saa kama mgonjwa hospitalini. Jumanne ikawa sawa. Jumatano ikawa sawa. Kufika Jumamosi Mama Lata alikunywa vikombe viwili vya chai. Saa ya kanisa ikafundishwa upya ikarudi kwao, na tumesikia waumini sasa wanafika nyumbani kabla ugali haujapoa. Aditya alipopigiwa simu asije, hakufurahi sana. Aliuliza, sawa, saa ni nzima, na mama akianguka kwenye ngazi atainuliwa na saa? Mama yake akamjibu atainuliwa na Seline. Hakuwa ameniuliza. Amenifanyia kama unavyonifanyia wewe. Basi wamekubaliana kuna chumba uani, nyuma ya duka, nihamie humo na Ajwang, niwe karibu na Mama Lata usiku na mchana. Tunahama wiki hii. Na asubuhi ananifundisha. Mara ya kwanza aliponipa kibano niweke ile punje kwenye kisahani, fimbo ikiwa inatembea, nilizuia pumzi kama ninavyozuia nikimtoa Ajwang titi mdomoni akishasinzia. Haikushtuka. Mama Lata akasema huo mkono umefundishwa na mtu mdogo, lakini umefundishwa vizuri.

Sasa nimefika pale ulipotaka kurukia. Simleti Ajwang, Debra.

Nimeandika hivyo nikaweka kalamu chini. Najua shemeji Odongo ameshatengeneza kitanda kidogo, uliniambia amekipiga msasa mpaka mkono unateleza. Najua umenunua neti. Najua pia kitu ambacho hukuniambia kwa simu, kwamba nyumba yenu imengoja miaka mingi kumsikia mtoto akilia ndani yake, na mimi nilikuwa nimekupa, sasa nachukua. Ningeweza kusema ni kwa sababu ya chumba cha uani, au ni kwa sababu kazi imekaa. Si hiyo. Hata kabla ya nyawawa, hata siku nilipojua duka linafungwa na nikafunga nguo zake kwenye ule mfuko, sikuweza kumwachisha ziwa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni akinivuta blauzi nikasema kesho.

Na nani alinifundisha hivyo kama si wewe? Mama alipofariki, shangazi alikuja kutoka Homa Bay kunichukua, kwa nia nzuri kabisa, ana nyumba ya mabati na ng'ombe wa maziwa, na wewe ulikuwa msichana tu wa kuuza omena. Watu wote walisema nipelekwe. Wewe ulinifunga mgongoni, na nilikuwa mkubwa, miguu yangu inaburuta, ukatoka ukaenda sokoni. Ulirudi jioni shangazi amechoka kungoja, amekwenda zake. Sijawahi kukushukuru, nilidhani ndivyo dada walivyo. Sasa nimemfunga wangu mgongoni, na aliyekuja kwa nia nzuri ni wewe. Ukinikasirikia nitaelewa. Nikasirikie, lakini usikae kimya.

Kitanda kisivunjwe, tafadhali. Agosti Mama Lata anakwenda kuwaona wajukuu, na mimi na Ajwang tutakuja tukae mpaka mtuchoke. Atalala kwenye kitanda cha shemeji, ndani ya neti yako, na wewe ndiye utakayeamka naye. Tayari nikimwonyesha picha yako kwenye simu anailamba. Lakini Agosti ni mbali, kwa hiyo njoo wewe kwanza. Njoo uone chumba chetu, uione saa, Kageha akuhadithie vibaya mambo ya sufuria. Mama Lata anasema anataka kumwona aliyenilea.

Nimalizie hapa, Ajwang anageuka geuka, ataamka sasa hivi. Msalimu shemeji, mwambie ninamshukuru kwa msasa. Wasalimu majirani, na yule jogoo mwambie nakuja. Mungu auponye mguu wako na awape usingizi mzuri. Siku ukija kuvuka, usiirekebishe ile saa yako. Iache mbele vile vile dakika kumi, uiwahi feri ya kwanza. Sisi tutakuwa tumesimama gatini Luanda Kotieno tukikungoja. Mimi nitakuwa nimesimama, na mama yetu Ajwang atakuwa ameshika ukuta.

Ni mimi mdogo wako wa mgongoni,

Seline